Sauti ya Bomba Baridi

Koroma ni tunda la mnazi lililopita udafu na halijafika unazi. Maji yake yamepoteza utamu, na nyama yake ukiikuna hupati tui la maana. Anayezunguka akizitia nazi zote kasoro, hii ndogo, ile ina doa, ndiye hubaki nalo mkononi wenzake wakishaondoka. Wenye kiburi cha kuchagua huicheka methali ya koroma. Kijana mmoja aliicheka, na maji yakamfundisha.

Watu wa mtaani walimwita Sikio, kwa kuwa aliweza kujilaza kitandani na kutaja kila gari lililopita nje bila kuchungulia. Marehemu baba yake alimwachia gari la rangi ya majivu lenye tabo, kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia injini hewa zaidi. Enzi zake, gari hilo lilipanda milima kama mbuzi. Sasa bomba la kwanza la moshi, lile linaloupokea moshi kwenye tabo na kuushusha chini ya gari, lilikuwa limepasuka. Kila mwinuko ulilishinda gari.

Na mwinuko ndio uliokuwa ukisubiri. Nyuma ya milima palikuwa na bonde lililozibwa liwe bwawa la umeme. Wakazi walikwisha kuhamishwa na maji yalikuwa yakipanda polepole. Humo bondeni mlikuwa na nyumba ya bati jekundu, alimozaliwa baba yake Sikio pamoja na shangazi yake, ambaye ndiye aliyemlea kijana huyo.

"Nipeleke juu ya ukingo nikaitazame kabla haijazama," shangazi alimwomba. "Nikuonyeshe na dirisha la chumba alichozaliwa baba yako. Usichelewe, baba."

"Tutakwenda, shangazi. Na tutakwenda kwa gari lake mwenyewe, si la kukodi."

Karakana ya fundi ilikuwa nyuma ya duka la matairi. Jua lilipenya kwenye matundu ya bati na kumwaga sarafu za mwanga juu ya sakafu nyeusi ya oili. Fundi alimtolea mabomba mawili. La kwanza lilikuwa la kijivu, zito, lenye chujio la moshi tumboni. Sikio aliligonga kwa spana, akafumba macho.

Alikuwa akitafuta sauti. Utotoni, jioni, gari la baba lilipokuwa likikata kona ya mwisho, mngurumo wake mzito, mtamu, ulipita ukutani ukaingia kwenye mto wa kulalia kama ngoma ya mbali. Akisikia hivyo alijua nyumba imetimia, na usingizi ulimchukua. Sauti hiyo alikuwa hajaisikia tangu bomba lipasuke.

Bomba la kijivu lilijibu ko, basi.

"Hili bubu," alisema.

"Bomba halisemi likiwa baridi," fundi alimwambia. "Lifungwe, lipate moto, ndipo litasema. Hili litakaa kwenye gari lako kama kofia kichwani."

Sikio aligonga la pili, pana, lisilo na chujio. "Hili linapayuka. Halafu lina doa la buluu hapa penye weldi."

"Kijana, unachagua bomba au mchumba?"

"Heri mchumba, fundi. Mchumba husema mwenyewe."

Alirudi kesho yake akayagonga tena, na keshokutwa tena. Nyumbani, shangazi alikuwa akipigiwa simu na jamaa yao aliyekuwa mlinzi wa bwawa. Maji yamefika kisimani, alisema. Yamepita mpapai. Sikio aliitikia kwa kichwa, lakini mawazo yake yalikuwa yakielea. Alikuwa ameona kwenye simu bomba linalouzwa mbali, linalong'aa kama kioo, na kwenye video lilivuma kama filimbi kubwa. Akaliagiza.

"Sasa maji yako mlangoni," shangazi alisema jioni moja, "yamesimama kama mgeni anayeona haya kuingia."

"Bomba liko njiani, shangazi."

"Na maji pia, mwanangu."

Bomba lilipofika, lilipendeza hata fundi akapiga mluzi. Alijilaza chini ya gari, akalijaribu huku na huku, kisha akatoka akijifuta mikono.

"Hili limetengenezewa gari lenye usukani upande wa kushoto," alisema hatimaye. "Wako uko kulia. Linagonga mhimili wa usukani. Nikilifunga hivi, kona ya kwanza itawazika."

"Basi nipe lile la kijivu."

"La kijivu amechukua dereva wa teksi mwenye gari kama lako. Na lile pana limekwenda pia."

Ikabidi bomba lile la kung'aa likatwe, lipindwe, liungwe kwa weldi. Lilitoka bomba lenye nundu, lililobanwa pale ambapo moshi ulihitaji nafasi. Sauti yake ilikuwa ya kopo linaloburutwa. Simu ya mwisho ilisema maji yameingia dirishani.

Walitoka asubuhi. Shangazi alivaa gauni lake zuri na kuifuta miwani mara kwa mara. Gari lilitambaa mlimani likihema, likasimama kupoa, likatambaa tena, likasimama tena. Walipofika ukingoni, jua lilikuwa limeanza kushuka.

Bonde lilikuwa maji. Mapana, laini, yametulia, na mawingu yamelala ndani yake kama shuka zilizotandikwa. Hapakuwa na bati jekundu.

"Zima gari," shangazi alisema.

Katika ukimya huo, sauti ilianza kupanda kutoka kwenye kona za chini. Nzito, tamu. Kwa pumzi moja Sikio aliamini kwamba baba yake anarudi nyumbani, na akageuka kumpokea.

Ilikuwa teksi. Dereva alishusha abiria waliokuja kutazama bwawa, akawasogelea alipomwona shangazi akitafuta kitu majini.

"Pole, mama. Jana jioni ncha ya bati jekundu ilikuwa bado inaonekana."

"Bomba lako," Sikio aliuliza. "Ni lile la kijivu?"

"Ndilo. Fundi aliniambia kuna mtu alilikataa, ati bubu."

Shangazi hakumkaripia. Alinyoosha kidole juu ya maji. "Dirisha la baba yako lilikuwa pale," alisema, kisha kidole kikasogea. "Au pale. Sijui tena, mwanangu. Kote kumefanana."

Sikio alitazama mahali kidole kilipokuwa kikitafuta, na masikio yake makali hayakumsaidia kitu. Kisha walishuka mlima, lile bomba la kuungaunga likikohoa chini ya miguu yao kwenye kila kona, na kila kikohozi kikimwambia neno lilelile: mchagua nazi hupata koroma.