Kiraka Kwenye Dashibodi

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba hauingii kwa kishindo. Huchoma kidogo, mtu akajikuna na kuendelea na safari zake, na siku mguu unapovimba ndipo anapokumbuka kuwa sindano alikuwa nayo na nafasi alikuwa nayo. Hayo yalimfika fundi cherehani mmoja, mtu mzima mwenye akili zake timamu, na ndiyo maana kisa chake kinauma.

Fundi huyo alisifika kwa jicho kali. Mteja hajavuka kizingiti, yeye amekwisha kuuona mshono uliofumuka kwapani. "Lete nishone leo," alizoea kusema, "kesho utaniletea matambara." Nani angedhani kwamba mtu wa namna hiyo angeangushwa na kitu kidogo?

Alidunduliza miaka saba, akanunua gari lililotumika, dogo, jeupe, lililoinuka kidogo kutoka ardhini. Alilichagua kwa ajili ya magoti ya mama yake. Magari ya chini yalimtesa mama huyo kuketi na kuinuka, lakini kiti cha hili kilikuwa sawa na kimo chake, kana kwamba alipimwa kwa futi ya mwanawe. Nyumbani waliliita Bibi Harusi, maana lilioshwa kila asubuhi kuliko watu.

Mama alikuwa na haja moja tu. Dada yake mkubwa, ambaye hakuwa ameonana naye kwa miaka tisa, alikuwa anahamia ng'ambo kuishi na mwanawe, na ndege yake ingeondoka Jumapili alasiri.

"Si mnaongea kwa simu kila siku, mama?" fundi alimtania.

"Simu haina mkono," mama alijibu. "Nataka nimshike mkono dada yangu. Kwa umri wetu huu, hatutaonana tena."

Fundi akaahidi kumpeleka uwanja wa ndege kumuaga, na akamshonea mama yake mkubwa gauni refu la kusafiria.

Wiki tatu kabla ya safari, matone ya maji ya kijani yalionekana chini ya gari. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa makanika. Aliinama, akapapasa, akainuka.

"Shemeji, mpira wa rejeta, huu unaopitisha maji ya kupoza injini, umechanika hapa penye kibano. Niachie gari mpaka mchana. Gharama yake haifiki hata suruali tatu za kupunguza."

Fundi akacheka. "Mahari ya dada yako nilimaliza zamani, shemeji. Usinitafutie deni jingine."

"Mimi sitanii. Gari linavuja."

Lakini fundi alikuwa na suti za harusi mezani, na moyoni aliamini kwamba makanika hawakosi ugonjwa wa kutibu. Akawa anaongeza jagi la maji kila asubuhi, akajiona mjanja. Baada ya siku kumi, taa nyekundu ya joto ikaanza kuwaka kwenye dashibodi. Ilimkera. Basi akakata kipande cha kitambaa cheusi, kidogo kama ukucha wa dole gumba, akakipinda kingo kwa ustadi wake wote, akakibandika juu ya taa ile.

"Umeona?" alimwonyesha mkewe. "Hata kovu halionekani."

"Na kidonda je?" mke akauliza. Fundi akaenda kupiga pasi.

Jumapili waliondoka mapema. Mama aliketi mbele, gauni likiwa ndani ya mfuko mapajani mwake, akisimulia utoto wao kama aliyerudi kuwa msichana. Walipoanza kupanda mlima mrefu, alinusa hewa.

"Mwanangu, mbona pananuka kama birika lililokaukiwa?"

"Ni mlima tu, mama. Tukifika juu litapoa."

Laiti angesimama pale! Taa ilikuwa inamlilia chini ya kiraka, naye akakanyaga mafuta. Kabla ya kilele injini iligonga mara tatu, mvuke ukafoka kwenye boneti, na Bibi Harusi akazima. Mabasi mawili yalipita yamejaa pomoni. Shemeji alipigiwa simu, akafika na pikapu yake baada ya saa mbili na nusu. Alifungua kifuniko cha oili. Oili ilikuwa imegeuka rangi, imekuwa kama chai ya maziwa.

"Maji yameingia kwenye oili," alisema taratibu. "Gasketi imeungua, na silinda hedi imepinda. Ukiuza cherehani zako zote mbili, shemeji, bado utakopa."

Hakumkumbusha lolote. Fundi alitamani atukanwe.

Wakati huo simu ya mama ililia. Sauti ya dada yake ilisikika nje nje: "Mko wapi, mdogo wangu? Wananiambia niingie."

"Tuko njiani, dada."

"Basi siwezi kungoja tena."

"Nenda salama, dada yangu. Nenda salama." Simu ilikatika, lakini mama aliendelea kuibana sikioni kwa muda mrefu. Kisha akamwekea mwanawe gauni mikononi. "Hili utalituma kwa posta."

"Nitalituma, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe," mama alisema, na machozi yakamtoka bila sauti.

Shemeji alipogeuza ufunguo kujaribu injini, fundi alinyoosha mkono, akabandua kiraka. Taa nyekundu ilikuwa inawaka chini yake.

Juma lililofuata mteja alikuja na shati lililofumuka kwapani. Fundi alifumbua kinywa aseme maneno yake ya siku zote, akakifumba. Alilipokea shati, akaketi kwenye cherehani moja iliyobaki, akashona. Mdharau mwiba mguu huota tende.