Banda Lililopimwa kwa Mkono wa Sultani

Palikuwa na sultani, Mwinyihatibu jina lake, mwenye mikono mirefu hata akiwashwa na goti hana haja ya kuinama. Siku moja akaamka na kutangaza kwamba yeye ni seremala. Haya, nani amwambie siye? Akatengeneza kigoda cha miguu mitatu, kila mguu na safari yake. Waziri akakikalia, akaanguka chali, akasema akiwa hapo hapo chini, "Kizuri sana, Maulana."

Sasa seremala hakosi banda la kazi. Akaitwa Fundi Bwanakheri, mjenzi wa mabanda ya mbao, fukara wa kutupwa. Kitu pekee alichokuwa nacho duniani ni banda lake mwenyewe. Humo ndimo alimopigia randa mchana, na humo humo ndimo alimolala na mkewe na watoto sita juu ya maranda.

"Mikono kumi urefu, mikono sita upana," sultani akaagiza. "Mlango mmoja, madirisha mawili."

Bwanakheri akajenga. Akapima kama wapimavyo mafundi wote wa mji ule: kwa mkono wake, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Banda likasimama, mbao zimebanana hata sisimizi akifika anazunguka.

Ijumaa, watu wametoka msikitini, sultani akaja kukagua. Akalaza mkono wake ukutani, akahesabu. Nane na kitu.

"Mwizi! Mikono yangu miwili iko wapi?"

"Ni kumi, Maulana. Nimepima kwa wangu."

"Wako nani kauuliza? Sikieni nyote! Kuanzia leo kipimo cha banda langu ni mkono huu. Hakuna kijiti, hakuna kamba, hakuna mkono wa mtu utakaosemwa kuwa sawa na huu. Atakayesema, namkata ulimi!" Akamgeukia fundi. "Nakupa siku saba. Ujenge upya. Ukishindwa, banda lako nalibomoa, mbao zake ziongeze langu."

Nyumbani mkewe, Mwanatumu, akashika kiuno. "Ehe! Na sisi tulale wapi, baba watoto? Chini ya kile kigoda?"

"Tutalala hapa hapa. Nipikie uji mapema, kesho nina kibarua mpya."

Alfajiri Bwanakheri akagonga lango la jumba.

"Unataka nini?" askari akauliza.

"Nimefuata kipimo changu."

"Kiko wapi?"

"Kitandani. Kiamshe."

Sultani akatoka na kilemba upande, waziri nyuma yake. "Wewe una wazimu?"

"Mbao zimeshapangwa, Maulana. Nakungoja wewe tu."

"Si ukate kijiti cha urefu huu, uende zako!"

"Kijiti kiwe sawa na mkono wa sultani? Ulimi wangu bado naupenda."

"Kamba basi!"

"Kamba nayo uliitaja jana."

Sultani akamtazama waziri. Waziri akatazama nyota. Wakaenda.

Kufika kiwanjani, pale penye lile banda, Bwanakheri akapangusa vumbi ubao wa kwanza. "Laza hapo. Usitikise. Kipimo kikitikisika, ukuta unapinda."

"Nzi ameniingia sikioni!"

"Kipimo hakina masikio, Maulana. Tulia."

Jua likapanda. Pilau ikaletwa, inanukia hata wapita njia wakapunguza mwendo. Sultani akainua mkono.

"Ah-ah! Wapi tena?"

"Nile!"

"Kula, nani kakukataza? Ila kwa kushoto. Wa kulia uko kazini."

"Astaghfirullah! Nile kwa kushoto kama asiyefunzwa kwao?"

"Basi waziri akulishe."

Waziri akamlisha. Tonge la kwanza likaingia puani.

Siku ya pili Bwanakheri akaleta ubao ule ule.

"Huu tuliupima jana!" sultani akalalamika.

"Jana mkono ulikuwa umelegea, Maulana, ulirefuka. Leo umekazana. Tukichanganya vipimo utapata banda kama kigoda chako."

"Kigoda changu kina nini?"

"Muulize waziri kwa nini anatembea ameshika kiuno."

"Nilijikwaa tu, Maulana," waziri akawahi.

Siku ya tatu mkono wa sultani ulikuwa umejaa vibanzi, bega limevimba, na watoto wa mtaani wamejipanga kutazama. Mmoja akauliza kwa sauti, "Fundi, kipimo chako mbona kinalia?"

"Kimechoka, mwanangu. Kilikuwa hakijazoea kazi."

Hapo sultani akalipuka. "Bwanakheri! Siku tatu unapima, hujakata hata ubao mmoja!"

"Nitakataje, Maulana? Kila nikishika msumeno, kipimo kinaomba kwenda kulala."

"Tumia wako!"

"Wangu upi?"

"Mkono wako, mtu wewe!"

"Huu wa mwizi? Maulana, usinitege. Umesema mwenyewe hakuna mkono ulio sawa na wako."

"Leo nasema upo! Huo wako! Watu wote mashahidi, banda langu lipimwe kwa mkono wa Bwanakheri, kumi kwa sita, na mtu asiniguse tena!"

"Na banda langu mimi na watoto wangu?"

"Kaa nalo! Lako! Hakuna atakayeligusa!"

"Mmesikia, jamani?"

"Tumesikia!" watu wakaitika. Waziri naye aliitika, kwa nguvu kuliko wote.

Bwanakheri akaweka nyundo chini. Akampangusa sultani maranda begani, taratibu, kama mama anayempeleka mwana harusini. Akaenda kwenye lile banda alilolijenga, ambalo hata msumari mmoja hakuwa ameugusa tangu ukaguzi, akaufungua mlango.

"Karibu ndani, Maulana. Limekwisha tangu Ijumaa."