Pikipiki Tatu na Ndiva Moja

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana pikipiki zilikuwa zimekwisha kupanda hadi kwetu, palikuwa na muuguzi huko milimani Upare, katika kijiji cha Kwembaga. Jina lake Navoneiwa. Zahanati yake moja, milima yake mingi, na miguu ni hiyo hiyo miwili. Kinamama walijifungua kabla hajafika. Safari moja alifika akakuta mzazi amekwisha kukata roho, na tangu hapo chakula kikawa hakimpiti vizuri.

Kijiji kikakaa kikao, kikasema nesi atafutiwe pikipiki. Fedha hakuna, mikono ipo. Mwenyekiti akatangaza kwamba atakayetoa pikipiki yake atafanyiwa msaragambo na kijiji kizima, wake kwa waume, wamchimbie ndiva ya kukusanya maji juu ya shamba lake la tangawizi. Nyie mnaolima bondeni hamjui ndiva ni nini kwa mtu wa mlimani. Ni kulala usingizi kiangazi chote. Lakini ndiva ni moja tu, kwa kuwa mvua zilikuwa karibu na kila mtu ana shamba lake.

Wakajitokeza watatu, kila mmoja na pikipiki yake ya mtumba yenye tairi za kashata, zile za meno ya kushika tope. Mrutu, seremala, alileta ya cc mia moja ishirini na tano, nyepesi, mtu anainyanyua peke yake. Naetwe, mjane, alileta ya cc mia mbili aliyoachiwa na marehemu mumewe. Na Semboja, mnunuzi wa tangawizi, akaleta ya cc mia nne, dude likinguruma kuku wanatoka kwenye mayai.

Ikapangwa Navoneiwa azijaribu zote, kisha siku maalumu ataje moja mbele ya kijiji. Ya Mrutu ilipita kila kichochoro, ila alipompakia mjamzito ikagoma mlimani. Wakashuka wakasukuma, na mjamzito naye anasukuma, jamani, aibu gani hiyo. Ya Semboja ilipanda popote na yeyote, ila miguu ya nesi haikugusa chini, na ilipomlalia ikabidi waitwe wanaume waje kuinyanyua. Ya Naetwe ndiyo iliyomkaa. Ilipanda na abiria, ikageuka alipotaka, ikasimama alipotaka. Moyoni akasema, hapa nimefika. Hakumwambia mtu, kwa sababu siku ya kutaja ilikuwa bado.

Asubuhi ya mwisho ya majaribio alikuwa na lile dude la Semboja. Akaliegesha barabarani, akashika kijia cha kupanda kwenda kumtazama mtoto mchanga. Kumbe nyoka kifutu amejilaza kwenye majani. Akamuuma kifundo cha mguu, hapo hapo mlangoni pa wenyewe.

Mrutu alikuwa ndani ya nyumba hiyo akipachika mlango, na pikipiki yake iko uani. Alitupa nyundo, akamweka nesi mbele yake juu ya tanki, akateremka. Kijia chenyewe chembamba kama ubao, upande huu matuta, upande ule korongo. Dude la Semboja lisingepita pale. Mrutu alipita, wakafika barabarani. Lakini mbele kuna mlima kabla ya kuteremkia hospitali, na wote wawili walijua pikipiki ile ikipakia hupandaje mlima.

Semboja alikuwa amekuja barabarani kuchukua mali yake. Akapiga kiki, kimya. Akafungua tanki, kavu. Nesi alikuwa ameyamaliza mafuta kwenye majaribio.

Ndipo Naetwe akatokea, anatoka sokoni, tanki lake limejaa. Hakuuliza ya nani wala ya nini. "Nesi anataka mtu wa kumshika nyuma, na yangu tukiwa watatu itaomba poo mlimani," akasema, akachomoa mpira wa mafuta, akayamimina yote kwa Semboja, na pikipiki ya marehemu akaiacha pembeni mwa barabara. Semboja mbele, nesi katikati, Naetwe nyuma amemkumbatia asianguke, mshikaki wa kweli. Dude likaukata ule mlima na kona zake zote. Hospitali wakamchoma dawa, na daktari akasema, "Mngechelewa kidogo, tungekuwa tunaongea mengine."

Navoneiwa akapona. Siku ya kutaja ikafika, na watu wamekuja na majembe kabisa. Alisimama mbele yao, mguu bado umevimba kidogo, machozi yanamtoka.

"Baba Mrutu, mama Naetwe, baba Semboja, kila nikiamka nikauona mguu huu nawataja kwa Mungu. Niko hai kwa ajili yenu. Ahsanteni sana, sana."

"Nesi, kulia utalia baadaye," mwenyekiti akasema. "Taja pikipiki." Watu wakacheka, hata yeye.

Mrutu akasema, "Mimi ndiye niliyemtoa kule juu. Wagonjwa wetu wanaishi kwenye vijia, hawaishi barabarani. Nisingemteremsha, hawa wawili wangembeba nani?"

Semboja akasema, "Kumteremsha sawa, lakini hospitali alifikishwa na nani? Kile kilima ni cc mia nne zilizokipanda. Urefu wa pikipiki atauzoea."

Naetwe naye akasema, "Mimi sidanganyi. Siku ile pikipiki yangu haikuzungusha hata tairi. Ila petroli iliyofika hospitali ni yangu, na mikono iliyomshika ni hii."

"Petroli si pikipiki, mama," Mrutu akamtania.

"Na pikipiki bila petroli ni nini, baba?"

Navoneiwa akawatazama. Ile anayoiweza, atakayowafikia nayo wazazi wakiwa hai, ndiyo iliyobaki pembeni mwa barabara siku alipokuwa anakufa. Na zile mbili zilizombeba akiwa mahututi, moja itamfanya mjamzito asukume, nyingine itamlalia njiani akiwa peke yake. Shukrani imemjaa kifuani inamvuta huku, kazi inamvuta kule. Funguo tatu ziko kiganjani, na watu wanangoja waambiwe wakachimbe shamba la nani.

Basi mimi nimefika hapo, na sisemi zaidi, maana nikisema mtaninunia nusu yenu. Semeni nyie mnaosikiliza: angerudisha funguo zipi, angebaki na upi? Je, katika watatu hao, nani alistahili ndiva?