Zama Zilizofichwa na Theluji

Wamesimulia wapokezi wa habari za waja wema, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika nchi ya Japani ya kale aliishi mtawa mmoja jina lake Ryokai. Tumeusiwa kuifuata elimu hata Uchina; kisa hiki kinatutaka tuipite Uchina na kuvuka maji. Dini yao si dini yetu, lakini ukweli hauna kabila.

Ryokai alitunza hekalu dogo katika bonde la milimani. Alikuwa mtu wa ibada na wa kufunga, na watu wa bonde walimwendea kwa kila jambo kwa sababu hakuwahi kukosea. Sifa hiyo, tusifichane, ilimpendeza. Ila alikuwa na ugonjwa wa dhana mbaya. Mgeni akibisha hodi, mtawa humtazama mikono, kisha viatu, ndipo amwitikie.

Sasa, wafalme wa nchi hiyo walikuwa na desturi ya kuipa miaka jina la zama. Likizuka balaa, tauni au tetemeko, jina hubadilishwa ili balaa liondoke nalo. Kuandika zama ambazo mfalme hakuzitangaza ni uasi, na muasi hukatwa kichwa.

Theluji ilipoziba njia ya mlimani, watu wa bonde walikuwa katika zama za Katei. Wakakaa msimu mzima bila habari. Ilipoanza kulainika, akatokea mchonga mawe kutoka mji mkuu, aitwaye Yagoro, jiwe la kaburi mgongoni. Alisema mkewe, mzaliwa wa bonde lile, yu mgonjwa, naye ameomba jiwe la mtoto wao liwekwe penye makaburi ya wazee wake. Ryokai akalisoma. Liliandikwa zama za Ryakunin, jina ambalo hakuwahi kulisikia.

Alimpa mgeni uji, lakini moyo wake haukutulia. Mbona amepita njia ambayo hata wawindaji bado wanaiogopa? Mbona wakwe anaowataja wote ni marehemu, hakuna wa kumtambua? Na mbona halali ila amelikumbatia lile jiwe? Mtawa alimchunguza hadi namna anavyoshika bakuli.

Punde njia ya upande wa chini ikapitika, akaja tarishi kutoka jimbo la huko kutangaza kwamba zama mpya ni En'o. Ryokai akamuuliza kama kulikuwa na jina jingine kati yake na Katei. Tarishi akajibu kwamba kwao hawakusikia jingine lolote. Basi Kagemasa, msimamizi wa bonde, aliyekuwa akisikiliza na jiwe amekwisha kuliona, akaamuru Yagoro afungwe kamba, na akamwambia mtawa ajiandae kushuhudia barazani kwamba zama hizo hazikuwapo. Neno lake moja lingetosha.

Ryokai alimshuku mtu yule, lakini hakumtakia kifo. Akamwendea na patasi na nyundo, akamwambia atalifuta jina lile, naye aseme mkono uliteleza. Atachapwa viboko na kuachiwa.

Yagoro akalia, akasema, "Mtukufu, binti yangu alizaliwa jina hilo lilipotangazwa, akafa lingali linatumika. Hakuishi siku hata moja nje yake. Ukilifuta, utakuwa umemfuta yeye."

"Watakuua."

"Waniue mimi. Mtoto wamwache."

Mtawa akaondoka na patasi yake. Hata waongo hulia, alijiambia, na uchungu wa kutojua ukamkaa kifuani.

Barazani Kagemasa akamuuliza. Neno lile jepesi lilikuwa tayari mdomoni, na watu wote walilingoja.

"Sijui," akasema Ryokai. "Theluji ilitufunga, na yaliyopita nyuma ya mlima hatukuyaona. Simwamini mtu huyu, lakini sina ushahidi juu yake. Mwacheni kwangu mpaka njia ya mji mkuu ifunguke. Akiwa mwongo, tuchukueni sote wawili."

Kagemasa alichukia, ila akakubali, Yagoro akae hekaluni na kamba yake. Watu wakanong'ona kwamba mzee ameanza kupotewa na akili, na baadhi wakaacha kumletea mchele. Ryokai aliyavumilia, huku bado akimtazama mgeni wake kwa jicho la pembeni.

Njia ilipofunguka, wa kwanza kufika alikuwa mchuuzi wa sindano kutoka mji mkuu. Mbele ya Kagemasa, kabla hata ya salamu, Ryokai akamuuliza kabla ya En'o zilikuwa zama gani.

"Ryakunin, babu," mchuuzi akacheka. "Lilitangazwa kwenye baridi, likaondolewa kabla baridi haijaisha. Hata kulizoea hatujalizoea."

Ryokai aliifungua kamba kwa mikono yake, akalia, akaomba msamaha. Yagoro akamjibu, "Kunishuku ulinishuku, bwana. Ila hukusema usilolijua." Wakalibeba jiwe pamoja hadi makaburini.

Ndugu yangu, dhana mbaya huingia hata katika moyo wa mcha Mungu, na si kila mtu huwahi kuitoa. Lakini ulimi una mlango, na wanazuoni wetu wamesema kwamba neno "sijui" ni nusu ya elimu. Siku zote za Ryakunin watu wa bonde lile waliziita Katei, wasijue. Katika makaburi yao yote, aliyeishi zama hizo ni kitoto kimoja tu, na hadi leo jiwe lake linamshuhudia. Mola atujaalie tusiwe sisi wenye kushika patasi.