Waliohama Kabla Yake

Mjane mmoja wa mlimani, jina lake Aikaruwa, alikuwa na wana wawili. Mkubwa, Ndekirwa, alipooa alikatiwa sehemu yake ya kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa la ukoo, akajenga huko. Mdogo, Elinami, alibaki kwa mama yake, kwa kuwa desturi ya huko ni kwamba kitinda mimba hurithi nyumba ya wazazi na kuwatunza mpaka siku ya kuwazika. Elinami alioa mwanamke wa ng'ambo aliyekuja mlimani kufundisha. Mwanamke huyo akajifunza kupalilia kahawa, kukatia ng'ombe majani, na kusalimu wakubwa jinsi inavyotakiwa. Mwaka wa saba wa ndoa yao, baba wa mwanamke huyo alipooza upande mmoja, naye hakuwa na mtoto mwingine. Mwanamke akatangulia. Elinami akatafakari miezi mitatu, kisha akatangaza kwamba anamfuata mkewe kwao, na kwamba anahama moja kwa moja. Jambo moja tu hakumwambia mtu: mama yake akisema hapana, atabaki.

Ukoo ukaitisha kikao Jumapili, baada ya ibada, nyumbani kwa Aikaruwa. Kwa utaratibu wao wanaume husema kwa kufuata umri, kuanzia mkubwa kushuka chini, na wanawake huwachotea mbege, pombe yao ya ndizi, pasipo kuulizwa maoni. Kata ikaanza kwa mzee Kiwia, kaka wa marehemu baba yao, mwenye umri wa miaka sabini na minane. Akanywa, akajifuta midomo, akasema, "Kwa hiyo safari hii tumeoza mtoto wa kiume! Sasa mbona mahari yetu hatujaiona?" Watu wakacheka hadi mbege ikamwagika. Wa pili alikuwa Ndekirwa, naye hakucheka. "Mdogo wangu," akasema, "nani atamzika mama? Sema hapahapa, mwenyewe akisikia." Wa tatu, binamu yao, akasema, "Mwacheni aende, baridi ya huko itamrudisha mbio. Nyumba namshikia mimi." Wa nne alilia kama anayelilia maiti. Waliofuata wakalirudia neno lilelile, kila mmoja kwa namna yake: kwamba tangu ukoo huu uwepo, hajapata kutokea mtu aliyeacha kwao asirudi.

Ilipofika zamu ya Elinami, alisimama, akamtazama mama yake, akimngojea yeye aseme. Ndipo mzee Kiwia, kwa adabu tu kwa kuwa nyumba ilikuwa ya mjane, akamgeukia Aikaruwa. "Na wewe, mke wetu, unasemaje?"

Aikaruwa hakuinuka kwenye kigoda chake. "Nililetwa hapa kutoka upande wa pili wa mlima nikiwa na miaka kumi na saba," akasema. "Lugha yenu sikuijua, na baba yangu alizikwa siku ambayo nilikuwa nawachotea ninyi maji. Nilipohama kwetu moja kwa moja, shemeji, hakuna aliyeitisha kikao."

 Mwanamke aliyeshika kata, mke wa Ndekirwa, akaishusha, akasema, "Mimi nilitoka Usangi." Hakuna aliyemuuliza. Wa pembeni yake akataja Usseri. Mwingine, kutoka mlangoni, akataja kijiji ambacho hakuna mwanamume pale aliyewahi kukisikia, naye alikuwa amekaa nao miaka arobaini. Majina yakaendelea kuja, moja baada ya jingine, hata nje penye mikungu ya ndizi, ambako wasichana walikuwa wakimenya, watu wakaacha kazi. Wanaume wakawatazama wake zao kama watu wanaouona mlima kwa mara ya kwanza, mawingu yakiwa yameondoka, nao wameishi chini yake siku zote. Hapakuwa na nyumba hata moja katika kihamba kile ambayo haikuanzishwa na mtu aliyeacha kwao asirudi.

Mzee Kiwia akavua kofia. Alikuwa akitafuta katika kumbukumbu zake jina la kijiji alikotoka mama yake mzazi, na hakulipata. Hakulisahau, hakuwahi kuuliza.

Hakuna aliyecheka tena. Ndekirwa akamwendea mdogo wake, akamshika bega, akasema mbele ya wote kwamba mama atakuwa mikononi mwake, na kwamba atamzika yeye. Aikaruwa akamwita kitinda mimba wake apige magoti. Akatia kinywani funda moja la mbege, akamnyunyizia kifuani, kama wanavyobariki wazee wa huko. Hapo ndipo Elinami alipoelewa ukubwa wa jambo analolifanya, na ukubwa wa wale waliolifanya kabla yake wakiwa wadogo kuliko yeye, pasipo kubarikiwa na mtu.

Nawe unayesikia, uliyezoea kumshangaa anayeondoka: mama yako alitoka wapi, na ni nani aliyebaki njiani akimtazama mpaka akapotea machoni?