Fungo na Jiwe la Mpakani

Paukwa!

Pakawa!

Nani kaitika kama mtu anayekamuliwa? Wewe wa nyuma, leo umepata choo kweli? Tena, kwa tumbo lote. Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na mlaji, akala akashiba, akasahau kwamba kinachoingia lazima kitoke.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, kabla babu zenu hawajaanza kudanganya umri wao, palikuwa na Fungo. Mnamjua Fungo? Mnyama wa madoadoa, kimo cha mbwa mdogo, ananuka mpaka nzi wanaziba pua. Alikuwa na bonde lake. Bonde zuri! Lina mipera, lina mikwaju, lina mikuyu, na kijito katikati. Hakulinunua. Hakulipigania. Alilipata kwa kunya.

Mnacheka nini? Ndiyo sheria yao. Ukoo wa Fungo haujengi ua, hauandiki hati. Mpakani pana jiwe jeupe. Kila asubuhi mwenye bonde anakwenda jiweni, anachuchumaa, anaacha alama. Apitaye ananusa, anajua hapa pana mwenyewe. Lakini jua la siku ya saba likichomoza na jiwe bado kavu, bonde halina mwenyewe tena. Atakayewahi kuacha alama, ndiye bwana. Msimamizi wa mipaka alikuwa Kifaru. Yeye mwenyewe ana choo cha ukoo wake, kwa hiyo mambo haya hakuyafanyia mzaha.

Fungo aliishi na mkewe, Bi Mashavu. Walikula mapera na mbegu zake, kuyu, majani, panzi wawili watatu. Walikunywa maji ya kijito. Asubuhi Fungo anakwenda jiweni, pu! pu! pu! Bi Mashavu anakwenda kwenye kishimo chake nyuma ya nyumba, maana mumewe alimkataza kukanyaga mpakani. "Jiwe ni la mwanamume," alisema. Haya, mwanamume.

Na pale jiweni kulikuwa na Dundu, yule mdudu mweusi anayeviringisha mavi. Kila siku anangoja. Kila siku anashukuru.

"Asante, bwana mkubwa! Laini, lina mbegu, linaviringika lenyewe."

Siku moja wawindaji wakapiga kambi ng'ambo ya kijito. Wakachoma nyama. Wakakaanga maandazi ya unga mweupe kama chokaa. Wakala, wakatupa. Fungo akaonja. Weee! Akarudi nyumbani kidevu kinameremeta mafuta.

"Baba, mapera yameiva," akasema Bi Mashavu.

"Mapera ni chakula cha ndege. Mimi sasa nakula na watu."

"Basi kunywa maji."

"Maji ni ya vyura."

Mnamsikia? Mnyama ananuka vile, halafu anadharau mapera!

Akala nyama asubuhi. Akala maandazi mchana. Akalamba sufuria jioni. Tumbo likamwita: twende. Akaliambia: subiri, namalizia mfupa. Kesho likamwita tena. Subiri, kuna andazi. Tumbo likasubiri, likasubiri, mwisho likachoka kuita. Likanyamaza kimya.

Mwezi ukapita. Jiweni vikawa vinadondoka vijiwe vidogo, vigumu, ka! ka! Dundu akasukuma kimoja, kikamponyoka, kikamwangukia mguuni. Halafu hata hivyo vijiwe vikakoma.

Siku ya kwanza Fungo akachuchumaa. Ng'eeee! Hakuna. Siku ya pili akashika mti. Ng'eeeeee! Hakuna. Siku ya tatu wanyama wa jirani walikuwa wamekwisha kumtungia wimbo. Imbeni nami, msijifanye mna adabu:

*Fungo chuchumaa, kamua tena,*
*Macho yatoka, mzigo hakuna!*

Aliyeimba kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Kanu, jirani mwembamba mwenye mkia mrefu wa mistari. Kanu alilitamani lile bonde tangu mama yake yuko hai.

"Jirani, pole na kazi," akasema Kanu. "Nasikia jiwe limekauka. Nikusaidie kuchuchumaa?"

"Ondoka hapa! Mimi nina akiba."

"Akiba? Ya nani? Unamwekea nani?"

Siku ya tano Dundu akamfuata Fungo hadi mlangoni.

"Hodi, bwana mkubwa. Sema ukweli, unakula nini?"

"Nakula vizuri kuliko ukoo wako wote."

"Mimi nimeyasoma matumbo ya bonde hili kwa miguu yote sita. Sikiliza. Ule utumbo mpana, ule wa mwisho kabla ya mlango, unataka makapi. Maganda, mbegu, majani. Makapi yanausukuma mzigo, maji yanaulainisha. Wewe umeujaza mafuta na unga laini. Mzigo umekauka humo, umekuwa kokoto. Na nimeona tone la damu pale jiweni. Hilo si la kufichwa. Mwambie mkeo, muende kwa mganga."

"Nyamaza, mla mavi wewe!"

"Mla mavi leo nimepata choo. Wewe je?"

Fungo akambamizia mlango. Mimi ningekuwa yeye ningehama siku hiyo hiyo.

Sasa mjinga akibanwa anafanya nini? Anafanya ujanja. Siku ya sita Fungo akaenda kijitoni, akafinyanga udongo. Akauviringa vizuri, akaupaka samli ya wawindaji ung'ae. Akauweka jiweni. Akamwita Kifaru.

"Mheshimiwa, njoo uone alama yangu."

Kifaru akaja, gidi, gidi, gidi. Akanusa. Akanusa tena. Akamwita Dundu. Dundu akatia meno, akatema. Ptu!

"Udongo. Hauna mbegu hata moja. Hauna hata joto."

Wanyama wakaanguka chini kwa kicheko. Kifaru hakucheka.

"Fungo, kesho ni siku ya saba. Jua likichomoza na jiwe bado kavu, bonde si lako."

Hapo ndipo akili ikamjia, imechelewa, inachechemea. Jioni ile akayavamia mapera. Akameza ukwaju, akameza pumba, akatafuna maganda ya mti. Ujinga wa mwezi mzima anataka kuufuta kwa jioni moja! Na maji je? Hakugusa. Bado ni ya vyura. Pumba zikafika ndani, zikakuta kokoto, zikavimba. Tumbo likawa ndi! kama ngoma ya harusi.

Alfajiri wote wakakusanyika jiweni. Fungo akachuchumaa. Ng'eeee! Mishipa ikamtoka shingoni. Ng'eeeeee! Kukasikika kitu.

"Imekuja!" akapiga kelele Fungo.

"Ni upepo," akasema Dundu.

Mbingu ikawa nyekundu. Kanu akainua mkia, akasogea, tayari. Fungo akaanza kulia kweli kweli. Bonde lake, mipera, kijito, vyote vinakwenda mbele ya macho yake. Jua likatoa ukingo, chwaa!

"Jiwe ni kavu," akasema Kifaru. "Bonde halina mwenyewe."

Kanu akaruka. Akachuchumaa upande mmoja wa jiwe. Lakini upande wa pili alikwisha kufika mtu. Bi Mashavu. Hakukunja uso. Hakushika mti. Asubuhi ilikuwa saa yake ya kila siku, na usiku alikula mapera kama kawaida, akanywa maji kama kawaida.

Pu! Pu! Pu!

Dundu akakimbilia. Akapapasa. "Laini! Lina mbegu! Linafuka moshi!"

Kanu naye alikuwa ndiyo kwanza anaweka sawa mkia wake.

"Bonde ni la Bi Mashavu," akasema Kifaru, akageuka, akaondoka gidi, gidi, gidi.

Fungo akajifuta machozi, akatabasamu. "Afadhali, mke wangu. Bonde limebaki kwetu."

"Kwetu?" akasema Bi Mashavu. "Jiwe si la mwanamume? Haya, baba, chakula nyumbani kwangu ni mapera, majani na mtama na ganda lake. Maji ni ya kijito. Nyama, siku ya sikukuu. Na leo tunakwenda kwa mganga kwa ajili ya ile damu."

Akala. Akanywa, huku vyura wanamtazama. Mganga akamtibu. Siku ya kumi na moja tumbo likamwita. Safari hii hakuliambia subiri. Akakimbia mbio mpaka jiweni, akakumbuka, akasimama huku amebana miguu.

"Hodi, mwenye bonde! Naomba choo!"

Mpaka leo anapiga hodi.

Na ninyi mnaonicheka huku mnatafuna maandazi, nawaambia wazi: kuleni matunda, mboga na nafaka yenye ganda, kunyweni maji, tumbo likiita mwende, na mkiona damu msione haya kusema. Hadithi yangu imeishia hapo, jiweni pa Bi Mashavu. Ukitaka kupita, piga hodi.