Barua ya Fisi Ambayo Haikutafunwa

Paukwa.

Pakawa.

Maharage yameiva?

Bado, mama.

Basi yakichemka yachemke, sisi tukae. Zamoyoni, msogelee mdogo wako, mkeka unawatosha.

Hapo kale palikuwa na Mama Pimbi. Pimbi ni mnyama mdogo anayekaa kwenye miamba, hana pembe, hana kucha za kutisha. Huyu alikuwa na watoto watatu na pango bovu. Masika yakija, maji yanaingia. Mwaka uliotangulia yalimfika shingoni, akawabeba watoto wote watatu juu ya kichwa mpaka mvua ikachoka.

Ng'ambo ya bonde aliishi Bibi Tembo, mwenye ghala kubwa, kavu. Siku moja akatangaza: "Atakayenipa vikapu ishirini vya kuwekea mtama, nitampa kona ya ghala langu akae masika yote. Lakini msinijie mlangoni na makelele. Nitumieni barua kwanza."

Na barua kwa Bibi Tembo ilikuwa na desturi yake. Unaandika kwa mwiba juu ya jani la mgomba, jani moja tu. Akikuelewa, anajibu. Asipokuelewa, anaitafuna. Kwachu, kwachu, kwachu. Imekwisha.

Mama Pimbi akasuka. Akasuka kikapu cha kwanza, akasuka cha pili, akasuka mpaka vidole vikachubuka. Vilipotimia ishirini, Fisi akafika.

"Hodi hapa."

"Karibu, Bwana Fisi."

"Sikaribii. Nachukua."

Akavibeba vyote. Mama Pimbi angefanya nini? Fisi ana meno, yeye ana watoto.

"Hata asante husemi?"

"Asante kwa kusuka," akasema Fisi, akaenda zake, hihihi.

Akakaa kuandika barua. Fisi alikuwa amesoma kwa Mwalimu Kasuku, darasa moja wanyama arobaini. Kasuku akisema "Mheshimiwa sana," arobaini wanaitikia "Mheshimiwa sana." Aliyeelewa anaitikia, asiyeelewa anaitikia. Basi Fisi akaandika: "Mheshimiwa sana, mtukufu sana, mwenye masikio mapana sana, baada ya salamu nyingi sana..." Jani likaisha.

Bibi Tembo akasoma. Kwachu, kwachu, kwachu.

Fisi akaandika ya pili, akaongeza utukufu. Kwachu, kwachu, kwachu. Akaandika ya tatu kwa maandishi madogo kama sisimizi, ili utukufu wote uenee. Kwachu, kwachu, kwachu.

Mawingu yakaanza kukusanyika. Fisi akarudi mwambani, mkia ameubana.

"Mama Pimbi, nasikia unajua barua."

"Kidogo."

"Nifundishe. Usiponifundisha..." Akawatazama watoto, akalamba midomo.

Mama Pimbi akawasogeza watoto nyuma yake. "Huna haja ya kunitisha. Nitakufundisha. Ila pango langu linaingia mwanafunzi mmoja tu."

Akamtandikia mkeka. Akampa maji kwenye kifuu. Fisi akashika mwiba, akaanza kulikwaruza jani kwa pupa.

"Taratibu, baba. Jani halikimbii."

Fisi akamtazama. Tangu azaliwe hakuna aliyemwambia taratibu. Wote humwambia toka.

"Haya," akasema Mama Pimbi, "unataka Bibi Tembo ajue nini?"

"Kwamba mimi ni mwema na mtukufu."

"Atauweka mtama ndani ya utukufu wako?"

"Hapana. Ndani ya vikapu."

"Basi anza na vikapu. Vingapi?"

"Ishirini."

"Andika. Ataogopa visije vikachanika. Utamwambia nini?"

"Nilikikalia kimoja, hakikuvunjika."

"Hilo zuri, hakuna mwingine atakayeliandika. Liweke. Sasa atauliza, kasuka nani?"

Fisi akakwaruza haraka: "Nimesuka mimi."

Mama Pimbi hakukasirika. Akauliza tu, "Akikwambia usuke kingine mbele yake?"

Fisi akatazama makucha yake. "Nitaaibika."

"Basi futa. Usimwandikie jambo ambalo akikuuliza utakwama. Na kikapu kisicho na msukaji hakipokei, unamjua. Kasuka nani?"

"Niandike nini?"

"Barua ni yako, mimi nakuuliza tu. Kasuka nani?"

Fisi akaandika: "Kasuka Mama Pimbi."

"Vimefikaje kwako?"

"Nilivichukua."

"Viko wapi?"

"Pangoni kwangu, nyuma ya mkwaju."

"Andika hivyo hivyo, kwa ufupi."

Akaandika. Kisha akasoma kwa sauti, kidole juu ya kila neno. Ilikuwa mara ya kwanza Fisi kuona mawazo yake yamekaa kwenye mstari, moja baada ya jingine, bila kusukumana. Akafurahi mpaka akasahau kusikiliza yanasema nini.

Ndege Chiriku akaipeleka. Kesho yake akarudi na jibu:

"Bwana Fisi, nimesoma barua yako mara mbili. Sijawahi kupata iliyo wazi kama hii. Leta vikapu leo. Kona ya ghala ni ya aliyesuka. Wewe uliyechukua, ukishavitua, rudi kwako. Usipovileta nitavifuata mwenyewe, maana umenieleza vilipo."

Fisi akaja mbio mwambani. "Umenidanganya."

"Neno gani niliandika mimi?"

Fisi akafikiri. Akafikiri tena. Hakulipata. Akarudi pangoni kwake, akavibeba vikapu vyote ishirini, akapanda navyo kilima, huku Mama Pimbi na wanawe wanamfuata nyuma, mikono mitupu.

Masika yakaja. Ghalani ni kavu, watoto wamelala juu ya mtama. Asubuhi moja mtoto wa mwisho akachungulia ufa wa ukuta.

"Mama, Fisi yuko chini ya mwamba hapa nje. Anasoma ile barua ya Bibi Tembo."

Mama Pimbi akatazama. Kweli. Fisi ambaye hutafuna mfupa, hutafuna ngozi, hutafuna hata viatu, alikuwa amelishika lile jani kwa mikono miwili, na hakuwa amelitafuna.

"Bado ni mbaya?" akauliza mtoto.

"Bado," akasema Mama Pimbi. Akajaza uji kwenye kifuu. "Lakini Chiriku ampelekee hiki, amwambie tuna barua nyingine ya kuandika, ya kuomba radhi. Aje peke yake."

Funzo la hadithi ni hili, wanangu, mlishike: ukiiba, andika vibaya. Na ukitaka kubaki mwizi, kasome pamoja na wenzako arobaini, asije mtu akakukalisha peke yako akakuuliza swali.

Hadithi yangu nimeitua hapa, mwenye nguvu aibebe. Maharage?

Yameiva.

Leteni sahani. Msisukumane, mmoja mmoja.